Mkungu wa Ndizi Kiwandani

Bibi yangu Tusekile, mkulima wa Igogwe, hakuwahi kwenda kwa watu mikono mitupu, na hakuona kwa nini aanzie kiwandani. Biashara huria ilikuwa imeruhusiwa, pipi za kila rangi zimejaa madukani, nami nilimsumbua mpaka akakubali kunipeleka Mbeya nikaone zinakotengenezwa. Akapanda basi na mkungu wa ndizi mbivu.

"Mama, hapa si nyumbani kwa mtu," mlinzi alimwambia getini.

"Kwani humo ndani wanakaa mbuzi?" Bibi alimjibu, akapita na mkungu wake.

Siku hiyo walikuwa wanapika pipi za ndizi. Bibi akachungulia sufuria, akaona sukari tu. Akauliza ndizi ziko wapi. Msimamizi akamwonyesha kichupa cha maji ya njano. Bibi akakinusa, akasonya, akautua mkungu mezani.

"Wanangu, njooni mle ndizi."

Mashine zikazimwa. Wapishi wa pipi za ndizi wakala ndizi wakisukumana.

Njiani kurudi, mifuko yangu ikiwa imejaa pipi, nilimuuliza Bibi kama alibakiza hata ndizi moja.