Shamba la Kisarawe nililomsomeshea Mwanaidi

Leo mdomo wangu nusura umkoseshe mpwa wangu msaada, tena mbele ya watu!

Mwanaidi ni nesi wa halmashauri. Mwajiri wao ametangaza atawasaidia kurejesha mikopo waliyosomea chuo, na leo ilikuwa zamu yake kuhojiwa. Nikatoka Misugusugu kumsindikiza. Ofisini huendi bila mtu wa maneno.

Afisa, binti mdogo tu, akaniamkia shikamoo. Nikaitika marahaba, nikanogewa.

"Huyu nimemsomesha mimi! Niliuza shamba la mikorosho Kisarawe, ekari arobaini, ada yote nikalipa taslimu."

Kalamu ikasimama.

"Mzee, kama ada ulilipa yote, mkopo alikopa wa nini? Niandike hapa kwamba alisomeshwa na mjomba?"

Jamani. Nikiitikia, msaada umekwenda.

Mwanaidi akanitazama kwa macho yale yale ya marehemu dada yangu. Foleni nzima ikageuka kunisikiliza. Jasho likanishuka mpaka kwenye soksi.

"Usiandike, mwanangu. Shamba sina, sijawahi kuwa nalo. Nilimpa nauli na godoro."

"Godoro lenyewe la kuazima," Mwanaidi akaongeza.

Watu wakaangua kicheko. Lakini mhuri ukagongwa!

Nje nikamwomba radhi. Akanishika mkono.

"Mjomba, lile shamba nalisikia tangu niko kidato cha kwanza. Leo ndiyo umeliuza kweli."

Haya, chekeni. Ila aliyewahi kuuza ekari arobaini kwa sentensi moja ajitokeze hapa chini.