Nilimuuza Mtu Aliyemtolea Mke Wangu Damu

Admin, ficha jina langu. Majina ya watu nimeyabadilisha. Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na saba, nina mke na watoto watatu, natengeneza moteri za mitumbwi hapa Baraka, Kongo, kando ya Ziwa Tanganyika. Nilikulia kambi ya wakimbizi Tanzania, ndiyo maana Kiswahili changu kimechanganyika, mnisamehe.

Miaka mitatu iliyopita kulikuwa na kundi lililokuwa likivamia mitumbwi kati ya Baraka na Kazimia. Wanachukua moteri, wanaacha watu wakielea ziwani. Shemeji yangu aliachwa hivyo pamoja na abiria tisa, upepo ukawasukuma siku mbili. Kulikuwa na mama mgonjwa aliyekuwa anapelekwa hospitali, akafia humo mtumbwini. Baada ya maziko, mkubwa wa kamati ya wenye mitumbwi aliniita nyumbani kwake.

"Fundi, bale bantu banatafuta mutu wa kubabadirishia namba za moteri," akasema. "We ingia mule. Utuambie tu kwenye banafichia."

Nitasema ukweli, sikukubali kwa ajili ya yule mama peke yake. Kambini kulikuwa na banda la video, na kuna filamu moja ya zamani, ya miaka ya themanini, niliyoiangalia mara nyingi sana. Mwanaume anaingia kwa majambazi akijifanya mwenzao, anakula nao, anacheka nao, halafu mwishoni anawamaliza wote na kuondoka na miwani yake nyeusi. Nikajiona mimi ndiye yule. Nilikubali kabla mzee hajamaliza kuongea.

Mkubwa wa kundi nitamuita Sefu. Nilitegemea kukuta mtu mkali wa macho mekundu. Nilikuta mtu mpole, anayeongea polepole, anayependa sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, na anayeombea chakula kabla ya kula. Aliniita mudogo, yaani mdogo wake. Nilikaa nao miezi saba, na kadiri siku zilivyokwenda nikawa nafurahia kwenda kwake. Hilo ndilo linalonitesa. Sikuwa najifanya tena nilipokuwa nacheka naye.

Kisha mke wangu akashikwa na uchungu akiwa kwa mama yake, kijijini Lubondja. Mimi nilikuwa mjini Uvira natafuta vipuri. Sefu ndiye aliyeenda kumchukua kwa pikipiki, njia mbovu ile yote, mama mkwe amemshika kwa nyuma. Hospitalini mke wangu alitokwa na damu nyingi na damu ya kumuongezea haikuwepo. Sefu akapimwa, ikalingana, akatoa. Niliporudi nilimkuta amekaa nje ya maternité, wodi ya wazazi, amebana pamba mkononi.

"Mama iko muzima, mutoto iko muzima," akaniambia. "Enda ubaone."

Wiki tatu baadaye nikamuuza.

Nilikuwa nimeshakubali kazi, na mzee wa kamati alikuwa ameniahidi kwamba polisi ndio watamshika, hakuna atakayemgusa. Nikampa mahali na saa: siku ya soko, saa sita mchana, nyuma ya depo moja ya ndakala, wale dagaa wakavu. Waliotangulia kufika hawakuwa polisi. Walikuja watu walioibiwa moteri, na makasia na mawe. Sefu alivunjwa mguu mbele yangu. Halafu wakanigeukia na mimi, maana hawakujua siri yangu. Mmoja ameshanyanyua kasia, nikamsikia Sefu anasema kutoka chini, "Ule ni fundi tu. Nilimudanganya. Hajue kitu. Mumuache."

Wakaniacha. Nilitembea mpaka nyumbani.

Alifungwa. Watu wake wakaanza kumtafuta aliyemuuza, wakamshuku Bahati, mwenzetu wa kundini ambaye siku ile hakuja kwa sababu mtoto wake alikuwa na malaria. Mke wa Sefu alikuja kwangu akilia. "Fundi, eti ni Bahati?" Ningeweza kusema sijui. Nikasema, "Inawezekana." Wiki ile ile nyumba ya Bahati ilichomwa, akakimbilia Kazimia na mke wake na watoto. Kila nikikaribia pale palipobaki matofali meusi, nabadilisha njia.

Sasa Sefu ametoka. Anatembea na fimbo. Juzi alikuja kwangu, akampakata mwanangu aliyezaliwa siku ile, akamwita damu yake. Kisha akasema taratibu, "Mudogo, nimejua kwenye Bahati iko. Siku ya posho tunaenda Kazimia. We ndio utaongoza mutumbwi. Sina mwingine wa kuamini."

Posho kwetu ni Jumamosi. Nilijibu ndiyo.

Mzee wa kamati anasema ninyamaze, nikisema nitawaingiza na wengine hatarini. Mke wangu anajua kila kitu. Aliniambia, "Ukisema atakuua. Usiposema atamuua mwenzako. Usiniulize mimi nichague." Tangu juzi analala chumba cha watoto.

Jana nikampigia Bahati, nikamwambia atoke Kazimia haraka, Sefu anakuja.

"Nitakimbia tena kwa nini?" akasema. "Mi sikumuuza. Acha akuje, nimwambie macho kwa macho. Ile siku utakuwa na yeye?"

"Ndiyo."

"Basi ni muzuri. We utanisaidia kumuambia, yeye anakusikiaga."

Nikakata simu. Ndugu zangu, msinitukane, nimeshajitukana vya kutosha. Leo ni Ijumaa, kesho ndiyo posho, na Sefu amesema asubuhi atapita kunichukua. Mwenye neno aniambie sasa. Nimfungulie mlango nimwambie ni mimi, wakati mke na watoto wamo ndani? Au nianzie wapi?