Kupeleka Barua ya Posa Sumbawanga

Nilikwenda Sumbawanga kwa ajili ya mdogo wangu Gelazi. Amempenda Anastazia mpaka suruali zinamvuka, na mimi ndiye mshenga wake. Baba wa binti aliniandikia kwenye simu: “Wazee watakaa Jumamosi, 10:00. Usipotokea, tutajua hamna nia.” Mhitimu wa shule ya jioni nikaisoma kwa kujiamini: saa nne asubuhi.

Ijumaa, Dar es Salaam. Ndege iliahirishwa mpaka kesho yake. Nilikaa kwenye kiti cha uwanja hadi makalio yakaota mizizi.

Jumamosi, saa tatu asubuhi, Mbeya. Angani tulikaa saa moja na nusu tu. Chai haikuwahi kupoa. Lakini mbele yangu kulikuwa na zaidi ya kilomita mia tatu za barabara. Nikampigia mzee.

“Shikamoo baba. Nimechelewa, nisamehe.”

“Marahaba. Umechelewa wapi? Njoo taratibu tu.”

Nikajua nimekwisha. Mzee aliyenuna ndivyo anavyosema. Ningemwambia nini Gelazi?

Tunduma nilibadili gari, nikabanwa na foleni ya malori ndefu kama Kwaresima.

Saa saba na nusu, Laela. Mama muuza mahindi ya kuchoma alinichungulia dirishani. “Kaka, umefiwa?”

“Bado, ila nipo njiani.”

“Basi chukua hindi. Msibani utachelewa kula.”

Saa tisa alasiri, Sumbawanga. Upepo wa Ufipa ulinipiga kofi, mgongo ukaitikia. Nilimkuta baba wa binti uani, kaptula kiunoni, jogoo mkononi. Nikapiga magoti.

“Baba, saa tano nzima nimewaweka!”

Akamtazama jogoo. “Mama Anastazia! Njoo uone, mshenga kafika, kuku mwenyewe bado anawika!” Kisha kwangu: “Niliandika kumi, mwanangu. Huko Dar kumi mnaiitaje?”

“Nne, baba.”

Nyumba nzima ilicheka, mpaka jirani akaja kuuliza.

Saa kumi jioni wazee waliketi. Nilikabidhi barua kwa mikono miwili, na shangazi wa binti alipoanza kuisoma, usingizi ukanibeba. Nilizinduliwa na kikohozi.

“Mshenga anasinzia kwenye posa?” mzee mmoja aliuliza, naye hakuwa anacheka.

“Mwacheni,” shangazi akasema. “Angekuwa hana nia, angelala kwao.”

Akaitwa Anastazia. Akatazama chini, akasema, “Pokeeni.”

Nilirudi kwa basi, Sumbawanga hadi Dar, miguu imevimba kama mihogo. Gelazi alinipokea stendi, hakunipa hata pole.

“Kaka, wamesemaje?”

“Wamepokea.”

Alininyanyua na begi langu, mbele ya watu wote.

Sasa ukiniuliza umbali, nitakujibu bila ramani: kwa ndege nilitumia siku mbili nikikimbizana na saa, kwa basi siku moja na ushee, nikiota ndoto kwenye bega la abiria nisiyemjua.