Viatu vya Studio

Tulipokuwa watoto tulipigwa picha Kajiado, mimi na dadangu, kila mtu yake. Studio ilikuwa na jozi moja tu ya viatu vya kuazima watoto. Nilitangulia kuvivaa, kisha nikalia kwamba kamba zimekataa kufunguka. Dadangu akapigwa picha akiwa amefichwa miguu nyuma ya chungu cha maua.

Juzi, nyumbani kwake Kitengela, mjukuu wake aliitazama picha hiyo. “Shosho, hukuwa na miguu?”

Aibu ikanishika. Nilikiri kwamba fundo nililikaza makusudi, nikamwomba dadangu msamaha.

Aliniangalia miguuni. “Vua.”

Nikavua. Akavivaa viatu vyangu, akajinyoosha, akamwagiza mjukuu alete simu apige picha.

“Na guka?” mjukuu akauliza, akinionyesha mimi, babu yake.

“Yeye asimame nyuma ya maua.”