Gia ya Tatu, Njia ya Koboko

Baba alipofariki, ndugu zangu waligawana mashamba ya kijijini kwetu Lurujo, upande wa Koboko, bila ugomvi, na gari likabaki halina mwenyewe. Lilikuwa gari la Kijerumani la siku nyingi, rangi ya maziwa iliyogeuka manjano, na gia zake zilikuwa za otomatiki. Mafundi wengi wa kwetu wakiona gia za namna hiyo hufunga boneti na kukuuliza kama umeshakula. Nikasema nitalichukua mimi. Kaka yangu mkubwa alitaka kujua nitalifanyia nini, nikamjibu kwamba nitakwenda nalo kazini.

Jibu la kweli lilikuwa la kitoto. Nilikuwa nataka kusikia tena kitu fulani.

Tulipokuwa wadogo, baba alitupeleka kwao Koboko kila shule zilipofungwa. Tulikaa Arua wakati huo. Mama aliketi nyuma pamoja na sisi, kwa sababu kiti cha mbele kilikuwa cha mgeni, na mgeni hakukosekana: askari aliyekuwa na baba jeshini zamani, au mjomba, au mtu tu aliyeomba lifti. Barabara ilikuwa ya vumbi. Tukishauacha mji nyuma, injini ilinguruma, ikapandisha sauti, ikazidi kupandisha, halafu ikanyamaza. Kwa muda mfupi gari lilikuwa jepesi, linateleza lenyewe, kama mtu anayevuta pumzi kabla ya kusema neno. Kisha gia ya tatu ikashika, polepole, na safari ikatulia. Mimi nilikuwa nikiusubiri ukimya ule. Ukishafika, nililala usingizi ambao sijaupata tena mahali pengine popote.

Basi nikalichukua gari. Kazi yangu ni kuwajazia wenye malori karatasi za forodha pale Vurra, mpakani na Kongo, kwa hiyo kila asubuhi natoka Arua na jioni narudi. Nilidhani nitakuwa naendesha na kumsikia baba njia nzima.

Siku ya kwanza tu nilijua mambo si mazuri. Gia ya kwanza kwenda ya pili ilikuwa na shida kidogo, lakini ya pili kwenda ya tatu ilikataa kabisa. Injini ililia mpaka watu wa kando ya barabara wakageuka kutazama, na gia ilipokubali kubadilika, ilinipiga mgongoni kama mtu amenisukuma kwa mikono miwili. Nyuma yangu kulikuwa na moshi mweupe. Nilifika Vurra nikiwa nimetoka jasho, na dereva mmoja wa lori aliyenizoea aliniambia kwa upole nirudi kupanda bodaboda.

Fundi wa kwanza alisema giaboksi imekufa, iondolewe, iwekwe ya kawaida ya kubadilisha kwa mkono. Wa pili aliongeza oili nyingi bila kupima, na gari likawa baya zaidi. Nililiegesha nyumbani wiki tatu. Kila asubuhi nikitoka kwenda kazini nililipita bila kulitazama, kama mtu ninayemdai maelezo.

Aliyenielekeza kwa fundi wa tatu ni yule yule dereva wa lori. Fundi huyo alikuwa mkimbizi kutoka Yei, ng'ambo ya mpaka wa kaskazini, mtu wa makamo, mwembamba, mwenye msalaba mdogo wa mbao shingoni. Alikuwa amejifunza kazi Khartoum ujanani, kwenye gereji iliyotengeneza magari ya otomatiki tu. Sasa alifanya kazi kwenye kiwanja kidogo kando ya barabara, chini ya paa la mabati manne. Nilipofika hakufungua boneti. Aliingia, akakaa kiti cha mbele, akaniambia niendeshe. Tulizunguka mji yeye amefumba macho. Injini ilipolia na gia kunipiga, alitikisa kichwa kidogo, kama mtu anayesikia habari aliyoitarajia.

Tuliporudi aliniambia nisizime. Gari lilikuwa mahali pa tambarare, injini imepata moto. Alichomoa kijiti cha kupimia oili ya giaboksi, akakifuta kwa kitambaa safi, akakirudisha, akakichomoa tena. Kwanza alitoa ile oili iliyozidi, aliyoongeza mwenzake. Kisha akaweka tone kwenye kidole, akalinusa, akaninyooshea na mimi ninuse.

"Mama, angalia. Iko nyekundu bado. Haiko na harufu ya kuungua," aliniambia. "Giaboksi ya mzee iko hai." Mzee aliyemsema ni gari.

Nilimwambia baba alikufa mwaka juzi, na sijui kwa nini nilimwambia hivyo, kwa sababu hakuwa ameuliza. Akanipa pole, akaomba nimwachie gari siku mbili.

Siku ya pili nilimkuta ametandika karatasi ya boksi chini ya gari. Alikuwa ameshaliendesha, na oili ilikuwa imepungua kwenye kijiti, lakini karatasi ilikuwa kavu, haina hata tone. Aliniuliza mimi: kama oili inapungua na haimwagiki chini, inaenda wapi? Nikainama kuchungulia chini ya gari. Akanionyesha mpira mwembamba, kama mrija, uliotoka kwenye injini kushuka mpaka kwenye kidude cha bati kilichofungwa ubavuni mwa giaboksi. Alipouvuta ule mpira, ndani yake ulikuwa umelowa, mwekundu. Injini ilikuwa ikiinywa oili ya giaboksi na kuichoma. Huo ndio ulikuwa moshi wangu mweupe.

Alinieleza bila haraka. Kile kidude ndicho kinachoiambia giaboksi injini inafanya kazi ngumu kiasi gani, kwa kusikiliza jinsi injini inavyovuta hewa. Ndani yake kuna ngozi ya mpira. Ngozi ikipasuka, giaboksi inadanganyika, inadhani gari linapanda mlima na mzigo mzito hata likiwa kwenye tambarare, kwa hiyo inang'ang'ania gia ya chini. Haikuwa imekufa wala haikuwa mbishi. Ilikuwa inapata habari za uongo.

Kidude kipya hakikupatikana Arua. Nilimweleza yule dereva wa lori, naye akaulizia ng'ambo ya mpaka, Kongo, katika mji wa Aru, na baada ya siku nne aliniletea kimoja kilichofunguliwa kwenye gari la aina ile ile lililokufa zamani nyuma ya duka la mtu. Alikuwa amekifunga kwenye gazeti. "Ile mutu alisema gari yake haitatembea tena," aliniambia, "lakini hii ilikuwa mzima." Nilikishika mkononi njia nzima ya kurudi. Kilikuwa kidogo kama kikombe cha chai.

Fundi alikijaribu kwa kukinyonya kwa mdomo, akaridhika kwamba ngozi yake haivuji. Lakini kabla ya kukifunga aliniita nione jambo jingine. Ule mpira mwembamba, juu kabisa, mahali ambapo mimi nisingeweza kuona, ulikuwa na ufa wa siku nyingi. Mtu alikuwa ameuzungushia ukanda wa tyubu ya baiskeli, akaukaza kwa uzi wa kushonea magunia, mzunguko kwa mzunguko, bila kuacha nafasi. Nilijua mkono huo. Baba alifunga kila kitu hivyo: mizigo, mpini wa jembe, mguu wa kiti.

"Hii ni ya zamani sana," fundi alisema. "Hewa ilikuwa inapita kidogo, miaka yote. Gia ya tatu ilikuwa inachelewa hata wakati ya mzee."

Nilibisha. Nilimwambia haikuchelewa, mimi nilikuwa ndani ya gari, gia ilikuwa ikiingia kama maji. Hakubishana nami. Aliniuliza tu kama injini ilikuwa inanyamaza kidogo kabla ya gia kuingia. Nikasema ndiyo. Alinyanyua mguu wake wa kulia kutoka ardhini, akaushikilia hewani kidogo, akaurudisha.

"Mzee alikuwa anatoa mguu kwa mafuta. Akitoa mguu, gari inabadilisha. Halafu anarudisha, polepole."

Nilikaa juu ya tairi kuukuu lililokuwa pale. Miaka yote nilidhani ukimya ule ni wa gari. Baba alikuwa dereva wa ofisa jeshini, alijua otomatiki vizuri kabla ya kununua yake, na alijua gari lake lina ugonjwa. Hakusema. Kila safari, kila gia, aliuinua mguu wake ili sisi wa nyuma tusirushwe, na mimi nikalala.

Nilimwomba fundi auache ule mpira kama ulivyo. Alikataa, kwa heshima lakini alikataa. Alisema nikiuacha, kidude kipya kitapata habari nusu, na siku moja giaboksi itaungua kweli, na hapo hatakuwa na la kunisaidia. Nilijua anasema kweli. Akaukata kwa kisu, akaweka mpira mpya, na ule wa zamani akautupa kwenye boksi la takataka pamoja na vitambaa vichafu. Sikumwomba anipe. Niliona haya kuomba takataka. Kesho yake, nikiwa Vurra, katikati ya kujaza karatasi za lori la saruji, nilitamani kuushika ule uzi hata kalamu ikasimama. Niliporudi kwake jioni takataka zilikuwa zimeshachomwa moto.

Jumamosi niliendesha kwenda Lurujo kumchukua mama. Gari lilikwenda vizuri ajabu. Gia ya pili ikaingia, ya tatu ikaingia, sikujua hata ni wakati gani. Barabara sasa ni ya lami mpaka Koboko. Nilipita Maracha nikisikiliza kwa masikio yote, nikisubiri, na hakuna kilichokuja. Mara mbili tatu niliinua mguu kutoka kwenye mafuta. Gari lilipunguza mwendo tu, na pikipiki za nyuma zikanipigia honi.

Mama alikuwa tayari mlangoni, amevaa leso mpya. Yeye ni Mualuri, baba alikuwa Mkakwa, kila mmoja na lugha yake; walikutana kwenye kambi ya jeshi, na Kiswahili cha kambini ndicho kilichokuwa lugha ya nyumba yetu; mpaka leo, kati ya wakwe zake, akizungumza nami huzungumza hicho. Alikwenda moja kwa moja kwenye mlango wa nyuma. Nikamwambia akae mbele. Alisita, akatazama kiti kile kama kuna mtu ameketi, kisha akaingia.

Alitaka kwenda soko la Ludara kununua simsim, ule ufuta wa kwetu. Njiani nikainua mguu tena, nadhani bila kukusudia. Mama aligeuka.

"Wewe nafanya kama baba yako," alisema.

Nilimuuliza kama alijua. Akasema alijua tangu wiki ya kwanza ya gari hilo. Alikuwa akiketi nyuma ya kiti cha dereva, na kila baba alipotaka kuinua mguu, bega lake la kulia lilishuka kidogo. Mama alikuwa akilitazama bega hilo. Likishuka, aliweka mkono wake juu ya yule kati yetu aliyekuwa karibu na kulala, ili asishtuke. Walifanya hivyo miaka mingi, na hawakuwahi kulizungumza hata mara moja.

Nilitamani baba awe pale, nimwambie kwamba nimejua, na nilitamani pia nisiwe nimejua.

"Sasa gari iko mzima," mama alisema. "Usitoe mguu. Endesha."

Nikaendesha. Tulinunua simsim na samaki wakavu, mama akasalimiana na nusu ya soko, na kila mtu alimwuliza kuhusu gari, kwa sababu walilifahamu. Aliwajibu kwamba limepona.

Tangu siku hiyo amezoea kiti cha mbele. Mwezi uliopita alikuja kukaa nami Arua wiki moja, na asubuhi ya tatu akaniomba nimchukue nikienda kazini. Nilidhani anataka kuona ofisi yangu. Tulipofika Vurra hakuitazama ofisi. Alishuka, akajifunika leso kichwani, akatembea kandokando ya foleni ya malori mpaka mahali ambapo majani yanaanza, akasimama.

Nilimfuata. Alinionyesha kwa mkono. Hapo ndipo walipovukia wakati wanajeshi wa serikali iliyoangushwa vitani na familia zao walipokuwa wakikimbia kwenda Kongo. Baba alikuwa ametangulia. Yeye alitembea kutoka Arua na wanawake wengine wa kambini, akavuka, kaka yangu mgongoni, mimi tumboni. Niliijua hadithi hiyo kwa juu juu, kama tunavyozijua hadithi za wazazi, lakini sikujua kwamba ni hapa, mita mia mbili kutoka kwenye meza ninayoketi kila siku.

Alitazama upande wa Arua, tulikotoka asubuhi ile kwa nusu saa tu, kisha upande wa Kongo, kisha tena upande wa Arua.

"Tulitembea usiku mbili," alisema. "Mimi nilifikiri iko mbali sana."

Malori yalikuwa yakisogea, na mteja wangu wa kwanza alikuwa ameshaanza kuniita kwa kunipungia karatasi. Nilimwinulia mkono angoje. Mama alikuwa bado anatazama, na mimi nikasimama karibu naye.