Sabuni ya Bibi

Juzi bwenini mwenzangu alikalia bigijii iliyotafunwa. Akaisugua sketi kwa petroli, kisha akaifua kwa sabuni ya mche. Harufu zile mbili zilipokutana nikatoka nje nikajifanya naanika nguo. Sipendi kuulizwa ulizwa. Lakini kwa kuandika huwa naweza, kwa hiyo nisikilizeni nyinyi.

Harufu ile ni ya pikapu ya baba. Aliinunua kuukuu kwa kiinua mgongo chake, shirika lao lilipopunguza watu, akawa anabeba samaki kutoka mwaloni, sokoni kando ya ziwa, kwenda viwandani. Hata ioshwe vipi, paka wote wa mtaani kwetu Mirongo waliijua. Ikiegeshwa tu walijipanga kama wagonjwa wa zahanati. Asubuhi ninayoisema, nikiwa darasa la tatu, ilibeba jeneza la shangazi, dada mdogo wa baba.

Bibi, mama yao, ndiye aliyemuuguza hospitalini hadi mwisho. Mbele tulikaa baba, bibi na mimi. Nyuma, kuzunguka jeneza, walikaa ndugu wa mume wa shangazi, mkubwa wao akiitwa Masanja. Tulikuwa tunampeleka kijijini, mbele ya Magu, ambako bibi na wakwe hao walikuwa majirani.

Tulipoipita Igoma, gari ikaanza kumisi. Ilitetemeka, ikakohoa, ikapoteza nguvu kwenye kilima kidogo hadi ikasimama. Baba akiiwasha, inaunguruma kidogo, inakohoa tena, inazima. Masanja akashuka, akaja dirishani.

"Shemeji, usijisumbue. Marehemu hataki kurudi kwa aliyemmaliza."

Hakuna aliyemtazama bibi, na ndivyo walivyomtazama. Macho yake yalikuwa mekundu, miaka yote alipikia mavi ya ng'ombe yaliyokaushwa, na moshi wake mnaujua. Kule kwetu macho mekundu ya kikongwe yalitosha kumfanya aitwe mchawi. Akishaitwa, siku moja ataamkiwa na mapanga. Mimi sikuyajua hayo. Nilichoogopa ni shangazi kuamka.

Baba alishuka. Alifungua boneti, akatoa plagi moja akaiinua juani. Ilikuwa nyeupe kama jivu. Akawaita wote waione, akawaeleza polepole kwamba injini hii inavuta hewa nyingi kuliko mafuta, kuna mahali inapoibia pumzi. Akarudisha plagi, akavuta choki ili mafuta yaongezeke. Kweli, ikawaka na kutulia kiasi. Akairudisha choki, ikaanza kukohoa. Akapapasa mipira ya kupitishia hewa mmoja mmoja hadi akaufikia ule unaotoka kwenye injini kwenda kwenye breki. Upande wa chini ulikuwa umepasuka.

Nilidhani angeufunga tukaenda zetu. Badala yake alimwita Masanja.

"Njoo ubane hapa mwenyewe, shemeji."

Masanja akabana kwa vidole. Injini ikatulia, ikanguruma laini kama mtu aliyelala.

"Achia."

Ikakohoa.

"Bana tena."

Ikatulia.

"Sasa huyo ni marehemu au ni mpira?"

Watu wakacheka, ingawa palikuwa na jeneza. Masanja naye akacheka. "Ni mpira, shemeji."

Alihitaji kitu laini cha kuziba ule ufa kabla ya kuuzungushia ukanda wa tyubu ya baiskeli. Bibi akafungua kifurushi chake, akatoa kipande cha sabuni alichokuwa akimwogeshea shangazi. Kilikuwa bado na alama za vidole vya bibi.

"Chukua, mwanangu. Yeye hana kazi nayo tena."

Baba akaikanda na petroli kidogo, akaziba, akafunga. Tukafika bila kukohoa hata mara moja, na shangazi akazikwa jioni ile.

Baada ya mazishi nilikaa karibu na wanawake waliokuwa wanapika. Walisimuliana kwamba gari iligoma kabisa, ikagoma, mpaka mama wa marehemu alipotoa sabuni yake. Akaitoa tu, gari ikakubali. Nikajivuna. Hata plagi hawakuitaja, wala mpira, bibi tu. Nikaenda kumnong'oneza baba sikioni, "Baba, wanamsifu bibi."

Aliniuliza wamesemaje. Nikamwambia neno kwa neno. Akaenda akamshika bibi mkono kama anamsindikiza chooni, akampandisha garini. Matanga hayajaisha, chungu chake kipo motoni. Njia nzima bibi alilia kuku wake, nami nilifurahi kwamba anakuja kukaa kwetu.

Nilikuja kuelewa nikiwa kidato cha pili, niliposikia kwamba nyumba yake ilichomwa moto wiki ileile ya mazishi. Baba aliwaonyesha ukweli wakaushika kwa vidole vyao, wakakiri kwa midomo yao, halafu wakaupindisha ukawa uchawi kabla kaburi halijakauka.

Bibi aliuliza kila mara atarudi lini kwake. Baba alimjibu kwamba gari bado inamisi, ingawa kila siku ilibeba samaki bila kukohoa. Bibi hakubisha. Nadhani naye alikuwa anaisikia ikitoka alfajiri.

Kwetu tulipikia mkaa, nje. Taratibu wekundu ukamtoka. Mwaka jana tulipomzika hapa mjini, macho ambayo mama alimfumba yalikuwa meupe kama ya mtoto. Kutoka kijijini hakuja mtu kuyaona.