Kuku wa Harusi ya Ekerenyo

Mimi ndiye Bwana Afya mpya wa Ekerenyo, yule wa baiskeli ya serikali, na wiki hii soko zima linanicheka. Watu wengi waliharisha baada ya harusi ya jirani yangu. Nikazunguka nikiwauliza wagonjwa walikula nini, na kila mmoja akataja kuku. Basi barazani nikatangaza, kifua mbele, kwamba kuku wa Mama Kerubo ndio waliowaharisha watu. Mama huyo hupikia harusi zote za hapa, na ndiyo riziki yake. Akainamisha kichwa.

Mkubwa wangu, daktari kutoka Kisii mjini, akaniuliza, "Na waliobaki wazima, wao walikula nini?"

"Hao sikuwauliza, daktari. Nilitafuta wagonjwa tu."

"Sasa bila kuwalinganisha umejuaje ni kuku?" Akageukia watu. "Aliyekula kuku na hakuugua, ainue mkono."

Mikono ikajaa baraza zima, wa chifu ukiwemo. Mama Kerubo akainua kichwa, akanitazama akitabasamu.

"Na wewe, mwanangu? Si nilikupakulia mapaja mawili, ukarudi kuomba mchuzi?"

Nikainua mkono.